Inchi za Mtutu

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na maana kwamba majembe yote ni sawa. Kila aliyepata kushika jembe anajua kwamba mpini mrefu humfaa anayepalilia shamba tambarare, na mpini mfupi humfaa anayelima mlimani au katikati ya migomba. Walichokusudia ni kwamba yuko mtu ambaye humaliza asubuhi yake yote akipima mipini, hata jua likawa kichwani na shamba likabaki pori. Katika makala hii nataka kuzungumzia uchaguzi mmoja wa namna hiyo, nao ni urefu wa mtutu wa bastola, hasa ile rivolva yenye nguvu iitwayo magnum.

Msomaji asije akanidhania mambo. Mimi si askari wala mwindaji, na sijapata kumiliki silaha maishani mwangu. Nilikuwa mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia hupenda vitu vidogo vinavyobeba habari kubwa. Sarafu moja yaweza kukueleza habari za dola nzima. Kadhalika tofauti ya inchi mbili tatu katika kipande cha chuma yaweza kukueleza mtu alipanda nini, alivaa nini, alimwogopa nani, na serikali yake ilimwogopa kiasi gani yeye mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Silinda hiyo ina matundu, kwa kawaida sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Kila unapofyatua, tundu jingine huja na kusimama sawasawa na mtutu. Mtutu wa rivolva hupimwa kuanzia mbele ya silinda hadi mdomoni, silinda haihesabiwi. Katika bastola ya magazini, kinyume chake, chumba cha risasi huhesabiwa ndani ya kipimo cha mtutu. Ndiyo maana rivolva ya inchi 4 ukiilaza karibu na bastola ya magazini ya inchi 4 utaona rivolva imeizidi kwa urefu, na mnunuzi asiyelijua hilo hudhani amedanganywa.

Tuanze na farasi, kwa sababu farasi ndiye aliyekuwa mpimaji wa kwanza. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836, lakini kiwanda chake cha kwanza kilifilisika. Kilichomfufua ni vita ya Marekani na Mexico. Kapteni mmoja wa Texas, Samuel Walker, alishauriana naye kutengeneza bastola mpya kwa ajili ya wapanda farasi, na mwaka 1847 bastola hiyo ilitoka. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa inchi 9, na uzito wake ulipita kilo mbili. Hakuna mtu angeweza kutembea na chombo hicho kiunoni siku nzima. Wala haikukusudiwa hivyo: ilikaa katika ala iliyofungwa kwenye tandiko, na mbebaji wake halisi alikuwa farasi. Walker mwenyewe aliuawa vitani huko Mexico mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1847. Silinda za bastola zile zilikuwa na kawaida ya kupasuka kwa wingi wa baruti, na zile zilizofuata mwaka 1848 zilipunguzwa baruti na kukatwa mtutu ukawa inchi 7½.

Kipimo hicho cha inchi 7½ ndicho kilichorudi mwaka 1873 katika rivolva mashuhuri kuliko zote za Colt, ile ya .45 iliyonunuliwa na jeshi la Marekani kwa askari wake wa farasi. Baadaye, askari walipozidi kushuka chini na kutembea kwa miguu, jeshi lilikata mitutu ya bastola nyingi kati ya hizo mpaka inchi 5½. Raia nao walipenda zaidi inchi 4¾. Kwa nini 4¾ na si 4 kamili? Jibu ni la kifundi tu. Chini ya mtutu wa bastola ile kuna mrija wenye kijiti cha kusukumia nje maganda ya risasi zilizokwisha kutumika. Mtutu wa inchi 4¾ unakomea pale unapokomea mrija huo. Ukikata zaidi, mrija unatokeza mbele ya mtutu. Basi mtu aliyetaka bastola fupi ya kuvaa kiunoni alipewa fupi kadiri mrija ulivyoruhusu, na kipimo hicho kimekuwa desturi mpaka leo, watu wakikipenda bila hata kujua kilitoka wapi.

Hapa sina budi kuingiza kisa cha bastola ambayo yamkini haikuwako. Mwaka 1931 mwandishi Stuart Lake alitoa kitabu juu ya maisha ya Wyatt Earp, mlinzi wa sheria wa miji ya magharibi ya Marekani. Ndani yake alieleza kwamba mtunzi wa hadithi za vituko aliyejulikana kwa jina la Ned Buntline aliwazawadia Earp na wenzake wanne bastola za Colt zenye mitutu ya inchi 12, mwaka 1876. Watafiti walipokwenda kupekua madaftari ya kiwanda hawakuona dalili ya bastola hizo tano. Ni kweli kwamba Colt aliwahi kutengeneza mitutu mirefu kwa walioagiza, lakini zawadi ile haikupatikana katika daftari lolote. Hata hivyo hadithi ilikwisha kuruka kama moto wa nyika. Televisheni ikaanza kuonyesha michezo ya Wyatt Earp mwaka 1955, watoto wakaona mtutu mrefu kama mkono wa mtu, na mwaka 1957 kiwanda cha Colt kikaanza kuuza bastola za inchi 12 zenye jina la Buntline. Hivyo hadithi ilizaa chuma, ambapo kwa kawaida tungetarajia chuma ndicho kizae hadithi.

Sasa tuje kwenye magnum yenyewe. Neno hilo ni la Kilatini, maana yake ni kubwa, na Wazungu walikwisha kuliweka kwenye chupa za mvinyo zenye ujazo wa mbili za kawaida. Watengeneza risasi wa Uingereza waliliazima zamani. Katika Afrika Mashariki lilijulikana kwanza kwa njia ya bunduki za kuwindia wanyama wakali, kama ile .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912. Katika bastola lilikuja baadaye, na lilikuja kwa sababu ya magari.

Kati ya mwaka 1920 na 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe. Matokeo yake yanajulikana: magenge yaliyouza pombe ya magendo yalitajirika, yakanunua magari ya kasi na hata fulana za kuzuia risasi. Askari waliokuwa na rivolva za .38 waligundua kwamba risasi zao zinashindwa kupenya bati la gari. Kiwanda cha Smith & Wesson kilitoa bastola nzito zaidi mwaka 1930, lakini kiu haikuisha. Mwandishi wa mambo ya silaha Philip Sharpe, pamoja na Douglas Wesson wa ukoo wa wenye kiwanda, walisukuma jambo hilo mbele, na kampuni ya Winchester ikatengeneza risasi. Mwaka 1935 ikatoka .357 Magnum. Unene wa risasi yake ni uleule wa .38, ila ganda lilirefushwa kama sehemu moja ya nane ya inchi. Urefu huo uliongezwa kwa makusudi, ili risasi hiyo isiweze kuingia katika bastola za zamani za .38 na kuzipasua mikononi mwa watu. Lakini kinyume chake kinawezekana: risasi ya .38 huingia katika bastola ya magnum bila taabu. Msomaji akumbuke jambo hilo, maana tutalirudia palipomwagika damu.

Kilichonivuta katika bastola ya mwaka 1935 ni jinsi ilivyouzwa. Haikukaa rafuni. Mnunuzi aliagiza, kiwanda kikamtengenezea yeye, na bastola ikaandikishwa kwa jina lake. Bei ilikuwa dola 60, fedha nyingi wakati wa Mdororo Mkuu. Katika agizo hilo mnunuzi alitakiwa kutaja urefu wa mtutu anaoutaka, kuanzia inchi 3½ hadi 8¾, kwa kupanda robo inchi kila hatua. Ukihesabu utapata urefu wa namna 22. Sidhani kama kabla ya hapo binadamu wa kawaida alipata kuulizwa swali hilo kwa udhahiri kiasi hicho. Mwenye kiwanda hakumwamulia, wala jeshi. Yeye mwenyewe aliketi mezani na kalamu, akaamua inchi zake.

Waliochagua wakaonyesha walivyo. Ya kwanza kabisa ilikabidhiwa kwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, na tusisahau kwamba huyo alikuwa bwana wa ofisi. Douglas Wesson, aliyetaka kuuthibitishia ulimwengu nguvu ya bidhaa ya familia yake, alichukua mtutu mrefu wa inchi 8¾ akaenda kuwinda wanyama wakubwa wa milimani. George Patton, ambaye baadaye alikuwa jenerali mashuhuri wa Vita Kuu ya Pili, alichagua mfupi kuliko yote, wa inchi 3½, akaweka vishikio vya pembe za ndovu. Bastola yake nyingine aliyoinunua mwaka 1916 ilikuwa Colt ya inchi 4¾. Watu huiangalia picha ya Patton wakaona pembe za ndovu na majivuno. Mimi naona pia kwamba mtu huyu, aliyepata kupigana kwa bastola uso kwa uso huko Mexico mwaka 1916, aliagiza mtutu mfupi mara zote mbili.

Je, inchi huleta nini hasa? Baruti inapowaka ndani ya ganda hugeuka hewa yenye moto na nguvu, na hewa hiyo husukuma risasi kwa muda wote ambao risasi imo ndani ya mtutu. Ikishatoka, hakuna tena wa kuisukuma. Kwa hiyo mtutu mrefu huisukuma kwa muda mrefu zaidi. Risasi ya kwanza ya .357, yenye uzito wa kama gramu 10, ilitangazwa kwenda futi 1,515 kwa sekunde kutoka katika mtutu wa inchi 8¾. Orodha za viwanda za miaka ya baadaye, kwa risasi ya uzito huohuo katika mtutu wa inchi 4, zinaandika futi 1,235. Sehemu ya tofauti hiyo imetokana na namna ya kupima na ujazo wa baruti, lakini hata ukitoa hayo, ukweli unabaki kwamba kila inchi inayokatwa huondoka na sehemu ya mwendo. Na baruti ambayo haikupata nafasi ya kuwaka ndani huwakia nje. Mtutu mfupi hutoa mwale mkali na mlio wa kuziba masikio, hasa usiku. Mwenye bastola fupi ya magnum basi hununua kelele nyingi kwa nguvu pungufu.

Faida ya pili ya mtutu mrefu ni shabaha. Bastola ina alama mbili za kulengea, moja nyuma na nyingine mdomoni. Chukua rivolva ambayo alama zake zimeachana sentimita 15, kama ilivyo karibu na mtutu wa inchi 4. Mkono ukikosea milimita moja tu, mita 15 mbele risasi itakuwa imepotoka sentimita 10. Sasa chukua nyingine ambayo alama zimeachana sentimita 25. Kosa lilelile la milimita moja litakupotosha sentimita 6. Wapiga shabaha walilijua hilo mapema, hata kanuni za mashindano zikaweka mpaka kwamba alama zisiachane zaidi ya inchi 10. Kwa ajili ya kanuni hiyo mtutu wa inchi 8¾ ulipunguzwa ukawa 8⅜, kipimo cha ajabu ambacho kimebaki katika vitabu vya bei kwa miaka mingi. Hapa pia, kama katika mrija wa Colt, kipimo kilitoka mahali ambapo mnunuzi hakupadhania.

Ukisikia hayo utasema: basi mrefu ndio bora. Lakini mtutu mrefu hukataa kukaa kwenye gari. Askari wa doria akiketi, mdomo wa bastola hugonga kiti na kusukuma mpini ubavuni mwake. Akitaka kuichomoa haraka, inchi sita hazitoki kwenye ala kwa wepesi wa inchi nne. Uzito nao hukaa mbele. Kwa upande mwingine, ukifupisha chini ya inchi 3, kile kijiti cha kusukumia maganda nacho hulazimika kuwa kifupi, maganda yasitoke yote, na mtu aliye hatarini akabaki kuyang'oa kwa kucha. Kati ya tabu hizo mbili ndipo ilipozaliwa bastola ya mwaka 1955. Bill Jordan, askari wa mpakani nchini Marekani na mlenga shabaha hodari, alipendekeza kwa Smith & Wesson rivolva ya .357 yenye umbo la wastani, mtutu mnene wa inchi 4, uzito wa kama kilo moja, ambayo askari aweza kuivaa mchana kutwa. Ilipokelewa vizuri mno. Ilikuwa na gharama yake, kwani umbo hilo jepesi lilichakaa lilipolishwa risasi za magnum zenye nguvu mfululizo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kilileta umbo kubwa kidogo ili kuziba pengo hilo. Lakini ile inchi 4 ilibaki, ikawa kipimo cha askari wa Marekani kwa kizazi kizima.

Wakati huohuo sinema ilikuwa ikivuta upande wa pili. Bastola ya .44 Magnum, iliyotokana sana na juhudi za mwindaji na mwandishi Elmer Keith, ilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 1955 na kuuzwa mwaka 1956. Ilikuwa silaha ya wawindaji, wala haikuwa na soko kubwa. Mwaka 1971 Clint Eastwood akatokea katika filamu ya Dirty Harry akiwa na mojawapo yenye mtutu mrefu, na ghafla maduka yakaishiwa. Wanunuzi wale hawakuwa na dubu wala kulungu wa kuwinda. Walitaka kitu ambacho mtu wa upande wa pili angekiona. Ni kisa kilekile cha Buntline, ila safari hii bastola ilikuwako kweli.

Sasa nirudi kwenye ile risasi ya .38 inayoingia katika bastola ya magnum. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, karibu na Newhall katika jimbo la California, askari wanne wa doria ya barabara kuu walikabiliana na watu wawili waliokuwa ndani ya gari. Kwa muda wa dakika chache tu wote wanne walikuwa wameuawa. Wote walikuwa vijana wa miaka 23 na 24, na hakuna aliyekuwa ametimiza miaka miwili kazini. Uchunguzi uliofuata ulitazama mengi: jinsi walivyosogelea gari, jinsi walivyojaza bastola upya risasi moja moja gizani. Na likatokeza jambo moja. Waliokuwa na bastola za magnum walifanyia mazoezi kwa risasi za .38, ambazo ni za bei nafuu na pole mkononi, kisha wakaingia barabarani na risasi kamili za magnum, ambazo mlio, mwale na mshtuko wake ni wa namna nyingine kabisa. Baada ya hapo taasisi yao ilibadili mafunzo, na amri ikawa kwamba askari afanye mazoezi kwa kile anachokibeba.

Miaka 16 baadaye, tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, wapelelezi wanane wa FBI walikutana na majambazi wawili. Wapelelezi wawili walikufa na watano walijeruhiwa. Aliyemaliza vita ile alikuwa mpelelezi ambaye mkono wake mmoja ulikwisha kuvunjwa na risasi. Alisimama, akawaendea wale wawili ndani ya gari, akafyatua rivolva yake mara sita kwa mkono uliobaki. Rivolva hiyo ilikuwa ya magnum, lakini ndani yake mlikuwa na risasi za .38. Kiswahili kinasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu yule alikwenda karibu, na katika umbali ule hakuna inchi wala futi kwa sekunde iliyokuwa na maana kuliko miguu yake iliyokubali kutembea. Baada ya Miami idara yake iligeukia bastola za magazini, polisi wengi wakafuata, na enzi ya rivolva kuwa silaha ya kawaida ya askari wa Marekani ikafikia ukingoni.

Nilipokuwa nikisoma mambo haya, alinijia jirani yangu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Majambazi walikuwa wamemvamia nyumbani, wakamfunga kamba yeye na mkewe. Alikwisha kuomba leseni na kuipata kwa njia ya halali. Ndugu yake aliyeishi ng'ambo alimletea kijitabu chenye picha.

"Mwalimu, wewe umesoma habari hizi," akaniambia. "Nichukue ya inchi nne au ya sita?"

"Utaiweka wapi, mzee mwenzangu?"

"Chini ya mto. Pengine wapi?"

"Na wajukuu hulala wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, nimekuuliza habari ya inchi."

"Nami nakujibu habari ya inchi."

Mwishowe alichukua ya inchi 4, akanunua na sanduku la chuma la kufungia. Baadaye mkewe alimsimulia mke wangu kwamba ufunguo wa sanduku lile ulikaa shingoni mwa mumewe kwa miaka kumi na mmoja, hata bafuni, na kwamba kila mtu alipobisha hodi usiku mzee alishika ufunguo kwanza, kisha ndipo akauliza nani. Bastola haikupata kutoka. Sikumbuki kama aliwahi kwenda kulenga shabaha hata mara moja. Siku ya kuirudisha kwa polisi, alisema mkewe, alilala usingizi mpaka jua likawa juu, jambo ambalo hakulifanya tangu uvamizi ule.

Si watu binafsi tu waliochagua inchi. Serikali nazo zimechagua, na uchaguzi wao unaeleza hofu zao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 ilipoandikwa mara ya kwanza ilitaka kubana bastola zote. Bunge likaziondoa bastola, vikabaki vifungu vya bunduki zilizokatwa mitutu, kwa sababu kilichoogopwa ni silaha inayofichika ndani ya koti. Baada ya mauaji ya mwaka 1968, sheria mpya ya nchi hiyo ilileta masharti kwa silaha za kutoka nje, na rivolva ikatakiwa iwe na mtutu usiopungua inchi 3. Canada, kwa sheria yake ya mwaka 1995, ilikataza bastola zenye mtutu wa milimita 105 au pungufu. Inchi 4 ni karibu milimita 102. Milimita tatu hivi zikaigeuza bastola ya kawaida ya askari kuwa kitu haramu, na viwanda vikajibu kwa kutengeneza mitutu ya inchi 4.2. Mwezi Oktoba 2022 nchi hiyo ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa raia, na hesabu ya milimita ikapoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Lakini sheria iliyonigusa zaidi ni ya Uingereza. Tarehe 13 Machi 1996, katika shule ya msingi ya Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliua watoto 16 na mwalimu wao. Alikuwa na bastola nne, zote za leseni. Mbili kati yake zilikuwa rivolva za .357 Magnum. Mwaka uliofuata Bunge lilikataza silaha ndogo: mtutu usiwe chini ya sentimita 30, na silaha nzima isiwe chini ya sentimita 60. Wapenda shabaha wachache waliobaki wakatengenezewa rivolva za mtutu mrefu, zenye fimbo ya chuma iliyofungwa nyuma ya mpini ili kutimiza ule urefu wa jumla. Sentimita 30 ni karibu kabisa na inchi 12. Msomaji ataona ajabu iliyopo: bastola ya inchi 12, ambayo Stuart Lake alimvika nayo Wyatt Earp ili aonekane mtu wa kutisha, ikaja kuwa nchini Uingereza kipimo cha bastola ambayo serikali haiogopi sana, kwa kuwa hakuna awezaye kuificha akaingia nayo shuleni.

Nikitazama nyuma katika historia yote hii naona kwamba risasi yenyewe ni mara chache iliyoamua urefu wa mtutu. Farasi aliamua, kisha mkanda wa kiunoni, mrija wa maganda, kanuni za mashindano, kiti cha gari, filamu, na mwisho wabunge. Mnunuzi wa mwaka 1935 aliyeketi na lile agizo la robo inchi mbele yake alidhani anachagua peke yake, kumbe nyuma ya kiti chake walisimama watu wengi wakimshika mkono.

Anayelazimika kuchagua leo, kwa kazi yake au kwa leseni yake, hatakosa wa kumshauri juu ya inchi. Wawindaji watamwambia sita au zaidi, askari wa zamani watamwambia nne, wenye makoti watamwambia tatu, na kila mmoja atakuwa amesema kweli ya kazi yake. Ushauri wangu ni wa mtu wa vitabu tu, auchukue au auache. Kabla ya kutaja inchi aseme itakaa wapi mchana, itakaa wapi usiku, nani mwingine analala katika nyumba hiyo, na ni siku ngapi katika mwaka atakwenda kufanya mazoezi kwa risasi ileile atakayoibeba. Wale vijana wanne wa Newhall hawakupewa nafasi ya kulijibu swali hilo la mwisho, maana mafunzo yao yalipangwa na watu wengine. Yeye anayo nafasi hiyo, na akishajibu yote manne kwa ukweli, ataona kwamba inchi zilizobaki za kuchagua ni chache sana.